Uchambuzi wa kisa: shofa ilipasuka, Rosh Hashana imebaki miezi miwili

Kwa asiyeijua

Shofa ni ile pembe ya kondoo dume inayopulizwa na Wayahudi, kwenye Biblia ya Kiswahili wengi mmeisoma kama baragumu. Inapulizwa asubuhi za Elul, mwezi wa mwisho kabla ya mwaka mpya, halafu Rosh Hashana yenyewe ambayo ndo mwaka mpya, halafu mara moja Yom Kipur, ile siku ya kufunga na kutubu, ikiisha. Haina matundu ya vidole, haina kitu cha kutetemeka ndani kama zumari, ni pembe na midomo ya mtu basi. Naandika kisa hiki kwasababu kila mwaka kuna mtu ananiuliza "tununue ipi?" na ukimsikiliza anauliza urefu na sauti tu, na sisi tulianza hivyo hivyo tukapoteza muda mwingi. Majina, mji na kazi za watu nimetoa. Wahusika nawaita Mzee, Kijana na Mwalimu.

Tulikuwa na nini

Watu wakisikia Wayahudi wa Afrika Mashariki wanawaza sinagogi la Nairobi au Abayudaya wa kule Mbale, Uganda, walioanza na Semei Kakungulu mwaka 1919. Sisi ni kikundi kidogo sana kuliko hao, familia kumi na moja, tunasali sebuleni kwa mtu. Shofa tulikuwa nayo moja, aliiacha mgeni miaka mingi nyuma. Mpigaji ni Mzee, kapita miaka 60, meno mawili ya mbele upande wa kushoto hana, kwahiyo anapulizia upande wa kulia wa mdomo, na bahati nzuri desturi nayo inapendelea kulia. Miaka yote hiyo ile pembe na mdomo wake vilikuwa vimeshazoeana kabisa, sisi wengine tukijaribu inatoka hewa tupu. Mimi nashika hela za kikundi.

Katikati ya Julai 2022 pembe ikaanguka kutoka juu ya kabati, chini ni saruji. Kwa macho hakuna kitu. Mzee alivyoijaribu ikatoa sauti ya kukwaruza kama mtu aliyeamka na mafua, tukaipeleka dirishani kwenye mwanga, tukaona ufa mwembamba kama unywele umeanzia mdomo mpana unakuja ndani kwa urefu wa pembe, kama vidole vinne hivi.

Gundi

Cha kwanza tulichofanya ni kumpelekea fundi seremala wa jirani. Akatia gundi, akapiga msasa, akaipaka mafuta kidogo, na sauti ikarudi, tena safi kuliko mwanzo. Tukafurahi siku mbili. Siku ya tatu Mwalimu akaja na Mishna, kitabu cha kale cha sheria za Kiyahudi, sehemu ya Rosh Hashana sura ya 3, imeandikwa wazi kwamba shofa iliyopasuka ikaunganishwa kwa gundi haifai. Tukampigia rabi anayetuongoza kwa simu, naye akasema hivyo hivyo na akatueleza sababu: ufa wa kwenda na urefu ndo wa kuogopa zaidi kwasababu kila ukipuliza ile hewa inasukuma kuupanua, leo vidole vinne, kesho imefika mdomo wa kupulizia. Ufa wa kukata upana una nafuu, ukiwa mbali na mdomo, na kipande kizima kilichobaki upande wa kupulizia kinatosha kuitwa shofa, yaani ukikikamata mkononi kinachungulia pande zote mbili. Wetu ulikuwa wa urefu. Akasema watoto wajifunzie hiyo, Rosh Hashana tafuteni nyingine.

Hapa kilichotuuma ni kwamba sauti ilikuwa nzuri! Masikio yalikuwa yanatuambia imepona. Na hilo ndo fundisho la kwanza la kisa chote, sema sisi hatukulishika siku ile.

Tandala, na kwanini tulikataa

Habari zikasambaa kwamba tunatafuta pembe, na mtu mmoja akaleta neno kwamba anamjua mtu mwenye pembe za tandala mkubwa, ndefu, zimejipinda mara mbili tatu, bei ya kutupa. Mnazijua, wengi wakisema shofa wanaiwaza ile, na kweli Wayahudi wa asili ya Yemeni wanapuliza pembe ya tandala mpaka leo. Kijana alishatamani kabisa.

Tukakataa kwa sababu mbili, na ya kwanza wala siyo ya dini. Pembe ya mnyamapori ukiwa nayo bila kibali ni nyara ya serikali, Tanzania sheria ya 2009 ipo, Kenya ya 2013 ipo, na Kenya uwindaji wenyewe ulipigwa marufuku tangu 1977. Pembe ya bei ya kutupa toka kwa mtu asiye na karatasi, hiyo maana yake inaeleweka. Siwezi kusimama mbele ya Mungu siku ya hukumu, maana Rosh Hashana ndo siku ya hukumu, na kitu cha wizi mkononi.

Ya pili, pembe ya kondoo dume ndo chaguo la kwanza. Talmud, yaani mijadala ya marabi juu ya Mishna, ina maneno ya Rabi Abahu kwamba tunapuliza ya kondoo dume ili akumbukwe Isaka alivyofungwa juu ya madhabahu na yule kondoo akaonekana amenaswa pembe zake kichakani. Ya mnyama mwingine inaweza kufaa ukikosa, ila ya ng'ombe haifai kabisa. Na ya kondoo inatakiwa iwe imepinda, kwasababu mtu siku hiyo anatakiwa awe ameinama. Basi tukafunga mjadala wa tandala.

Tukajaribu kutengeneza wenyewe

Hili wazo lilikuwa langu na nililisukuma mimi. Niliwaza pembe ni pembe, kondoo tunao, kwanini tutume hela nje? Kumbe kwanza kondoo wa kwetu wengi hata pembe hawana, wale wa kichwa cheusi ndo kabisa. Ikatuchukua wiki nzima kupata jozi moja machinjioni.

Nieleze kidogo maana hapa ndo nilielewa shofa ni nini. Pembe ya kondoo ni kama kava, imejengwa na kitu kile kile cha kucha, na ndani kuna mfupa unaotoka kwenye fuvu. Tulichemsha masaa mawili, mfupa ukalegea ukatoka kwa kuvuta. Sasa pembe iko wazi ndani lakini uwazi haufiki nchani! Tulipitisha waya ndani mpaka ukagota, tukaulaza waya ule ule nje ya pembe, tukakuta vidole vitatu vizima vya mwisho vimejaa, havina tundu. Hivyo vidole vitatu ndo kazi yote. Fundi akakata ncha, akaingiza drili. Drili inaenda moja kwa moja, uwazi wa ndani umekunja kushoto, na nikiwa nimeshika ile pembe kwa mikono miwili nikaona ncha ya drili inatokeza ubavuni, vumbi jeupe linamwagika kwenye kidole changu gumba.

Pembe ya pili tukasema tuipashe moto kwanza inyooke, maana tuliambiwa watengenezaji ndo wanavyofanya, wanailainisha ncha kwa joto, wananyoosha, ndo wanatoboa. Ni kweli, ila wao wanajua joto kiasi gani. Sisi tuliiweka juu ya jiko la mkaa, ikaota malengelenge ikaungua, nyumba nzima ikanuka nywele zilizoungua mpaka siku ya pili. Ya kwanza, yenye tundu, tungeweza kuziba, lakini Mishna hiyo hiyo inasema tundu lililozibwa likiharibu sauti pembe haifai, na mjadala wa kuziba kwa kitu gani ni mrefu, tukaiacha.

Tayari ni wiki ya pili ya Agosti na hatuna kitu.

Kijana Yerusalemu

Mungu ana njia zake. Kijana alikuwa amepata nafasi ya mafunzo ya kilimo Israeli, kwenye mashamba ya Arava kule kusini, na aliondoka kabla ya katikati ya Agosti. Tukamkabidhi dola 90 na kazi moja. Tarehe 28 Agosti Elul ikaanza, asubuhi tunasali na shofa hakuna, ukimya ule mtu unausikia kabisa. Alhamisi tarehe 1 Septemba akapewa ruhusa, akapanda basi mpaka Yerusalemu.

Nirudi nyuma kidogo: kabla Kijana hajaondoka kwetu, Mzee alifanya kitu ambacho mimi ningekuwa na akili ningekifanya Julai. Alichukua pembe ya zamani, akapaka wino wa muhuri kwenye ukingo wa ule mdomo mdogo wa kupulizia, akaugonga kwenye karatasi mara nne kama anayepiga muhuri ofisini. Zikatoka alama nne za umbo la yai. Tukaweka rula pembeni: tundu lenyewe milimita 15 kwa 11. Kijana akaikunja karatasi akaiweka ndani ya pasipoti.

Duka la kwanza lilikuwa la watalii. Akatuma picha ya pembe imevishwa fedha mdomoni na mji wa Yerusalemu umechongwa ubavuni, inang'aa. Mwalimu akamjibu aachane nayo: Hekaluni shofa ya Rosh Hashana ilivishwa dhahabu, ni kweli, lakini pale midomo inapogusa pakiwa na chuma haifai, midomo inatakiwa iguse pembe.

Duka la pili muuzaji alimmwagia pembe kumi mezani. Kijana akaanza kupuliza moja moja na kutuma voisi. Tukasikiliza wote tumekaa duara, simu katikati, na zote zinafanana, simu inaibana sauti inakuwa kama mbu. Mishna inasema hata aliyesikia mwangwi wa shofa toka shimoni hajatimiza wajibu, na mimi siku ile nilielewa kwanini. Kijana akapiga simu.

"Shikamoo babu. Kuna hii ndefu ina sauti nzito inatetemesha kifua, na kuna hii fupi inalia kali. Nichukue ipi?"

"Marahaba mwanangu. Sauti niachie mimi. Wewe niangalizie mdomo, kisha niangalizie ufa."

Na Mzee alikuwa na msingi, Talmud inasema sauti za shofa zote zinafaa, iwe nene, nyembamba, hata kavu. Sauti mbaya haiharibu shofa, ufa unaiharibu.

Kwahiyo Kijana akaacha kupuliza akaanza kukagua. Akatoa karatasi, akagonganisha midomo ya pembe na zile alama, zikabaki nne. Akaenda nazo kwenye kona yenye giza, akaingiza tochi ya simu kwenye mdomo mpana, pembe nyeupe nyeupe inapitisha mwanga kama kivuli cha taa, ufa unaonekana mstari. Moja ikaonyesha doa jeusi lililojaa kitu kama nta, hiyo imezibwa, akaiweka pembeni. Nyingine akaikwaruza kwa kucha ikabanduka vanishi nene, tukamwambia aiache, chini ya vanishi huwezi kujua kumefichwa nini. Zikabaki mbili, ile ndefu ya sentimita 45 iliyosuguliwa yote na ile fupi ya 32 ambayo nusu imesuguliwa na nusu imeachwa na magamba yake. Akamwomba muuzaji maji. Unaziba tundu la kupulizia kwa kidole, unajaza pembe maji, unasubiri. Zote mbili hazikuvuja.

Ndefu ilizidi bajeti kwa dola 40. Kijana aliitaka kwa moyo wote, akasema atajazia yeye kwenye posho yake. Mzee akauliza swali moja tu, "Kwenye ipi unatumia pumzi kidogo?" Fupi. Tukachukua fupi.

Ilipofika

Ilikuja na msafiri tarehe 11 Septemba. Mzee akaosha mdomo, akaishika, akapuliza. Hewa. Akapuliza tena, hewa na kamluzi. Dakika ishirini, chumba kizima kimya, midomo yake inavimba tunaiona. Nilitoka nje.

Kosa lilikuwa nini? Muhuri wa wino unapima ukingo, haupimi koo. Pembe ya zamani mdomo wake ulikuwa unashuka ndani taratibu kama faneli, hii mpya ukingo ni saizi ile ile lakini milimita chache ndani inabana ghafla. Mzee alikuwa anasukuma kwa nguvu ya miaka yote na pembe hii haitaki nguvu. Halafu ukingo ulikuwa mkali, siku ya pili ukamchana mdomo. Rabi alituruhusu kuulainisha, kukwangua pembe kunaruhusiwa hata ikiwa nyembamba ilimradi hukuongeza kitu, basi Mwalimu akazungushia msasa laini, kidogo sana, anagusa, Mzee anajaribu, anagusa tena.

Kuanzia hapo dakika kumi kila siku, siyo zaidi. Mzee alianza upya kama mwanafunzi, midomo imelegea, pumzi ndogo. Siku ya sita ikatoka tekia, ule mlio mmoja mrefu, imenyooka, mke wake akatoka jikoni na mwiko mkononi akasimama mlangoni mpaka ikaisha.

Matokeo

Jumatatu 26 Septemba tulipiga milio 100 yote. Msingi ni 30, ila desturi yetu ni mia. Mzee alipiga yote siku ile. Jumanne mdomo ukawa umevimba, alifika kama wa sitini akamkabidhi Mwalimu, ambaye enzi za shule alipiga tarumbeta kwenye bendi na tulikuwa tumekubaliana tangu mapema akae tayari. Hakuna aliyeshtuka, kugawana kunaruhusiwa.

Na ile sauti kali fupi ambayo kwenye simu tuliiona dhaifu, kwenye terua ndo ilikuwa yenyewe. Terua ni milio tisa midogo inayokatika katika, na Talmud inaieleza kwa kilio cha mama yake Sisera, yule jemadari wa kwenye kitabu cha Waamuzi, aliyekuwa dirishani anamsubiri mwanae asiyerudi. Pembe ndefu nzito ingetoa tekia nzuri sana lakini milio ya kukatika ingeshikana. Hii ililia. Mtoto wa miaka minne aliziba masikio, halafu akaenda kusimama karibu na mguu wa Mzee mpaka mwisho.

Uchambuzi: kilichofanya kazi

Muhuri wa wino uliokoa safari, pamoja na upungufu wake, kwasababu ulipunguza pembe kumi zikawa nne bila mtu kubishana ladha. Mpigaji ndo aliamua, siyo aliyeshika hela wala aliyekuwa dukani, na nadhani hapa makundi mengi yanakosea, wanamnunulia mpigaji zawadi ya kupendeza halafu yeye ndo anateseka nayo mbele ya watu. Tochi na maji ni vipimo vya bure na vinasema ukweli kuliko muuzaji yeyote. Na kuwa na mpigaji wa pili kabla hahitajiki.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Wiki nne za Julai na Agosti zilienda kwenye gundi na jiko, na kwa hilo nabeba mimi. Kama rabi tungempigia siku ile ile ya ufa, oda ingeenda na mtu mwingine mapema na Mzee angekuwa na mwezi mzima wa mazoezi badala ya siku kumi na tano. Elul tulikosa nusu yake, hiyo hairudi.

Voisi za simu zilitupotezea zaidi ya saa moja na zingeweza kutupotosha. Tungemwomba Kijana atupigie picha ya koo la mdomo kwa karibu, au apitishe kipande cha waya kama tulivyofanya na pembe ya machinjioni, tungejua linabana wapi. Ujuzi wa waya tulishaupata kwenye kazi iliyoharibika na hatukuutumia kwenye kazi iliyofanikiwa, hiyo ndo inaniuma kuliko pembe iliyoungua.

Na pembe ya zamani haikupaswa kukaa juu ya kabati.

Baada ya hapo

Hii mpya inakaa kwenye mfuko wa kitambaa nene, siyo nailoni, maana ndani inabaki na unyevu wa pumzi na kwenye nailoni inanuka. Haiachwi kwenye gari juani, joto lile linaweza kuipasua bila kuanguka. Mzee anaisuuza kwa maji na siki kidogo sikukuu zikiisha, anaikausha kivulini mdomo mpana ukiangalia chini.

Mwaka 2023 siku ya kwanza ya Rosh Hashana iliangukia Sabato tarehe 16 Septemba, na Sabato hatupulizi, kwahiyo zikabaki mia moja za Jumapili tu na Mzee alizimaliza peke yake. Ile iliyotiwa gundi wanayo watoto, ufa umeshafika katikati. Karatasi ya mihuri iko ndani ya mfuko pamoja na pembe, na nyuma yake Mwalimu ameandika kipimo cha pili kwa kalamu ya wino: kutoka ukingoni mpaka inapobana, milimita 9.